Mpiga Chapa Hasomi

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili lilikuwa la sura ya saba. Sura ya saba imegoma, basi nalitumia kuandikia hasira zangu, angalau lisikae bure.

Mhariri amenirudishia mswada. Kila ukurasa anapotokea fundi wangu wa kushona, ameandika pembeni kwa penseli neno lile lile: "Simwoni." Mara kumi na moja, nimehesabu. Mwishoni akaongeza: "Unatuambia fundi ni mkali, ni mjane, ana huzuni. Unatuambia tu. Mlete mtu mwenyewe kabla ya tarehe ishirini Mei, la sivyo kitabu kisubiri mwakani."

Mimi wa kuambiwa hivyo! Miaka kumi na tisa nasimama mbele ya darasa nikifundisha namna mwandishi anavyomjenga mhusika: matendo yake, usemi wake, mawazo yake, wenzake wanavyomsema, jina alilopewa, vitu anavyovishika. Nazitaja njia zote hizo bila kutazama kitabu. Kumbe kuzitaja ni jambo moja na kuzitumia ni jambo jingine.

Mvua imeanza saa nane mchana. Dada yangu ametega beseni pale panapovuja, akarudi kuketi.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Nimechonga penseli nne. Sijaandika kitu.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi yote nimezunguka chumbani mpaka Dada akasema nitatoboa sakafu nimwangukie fundi vioo. Tunakaa vyumba viwili juu ya duka lake, na kutwa tunasikia anavyokata vioo, mlio wa kutia meno ganzi. Dada hausikii. Miaka thelathini na mmoja alikuwa karani mpiga chapa mahakamani, chumba kimoja na mashine sita, na masikio yake yalistaafu kabla yake.

Mimi naandika kwa mkono, yeye ananipigia chapa kwenye kompyuta. Ana rula ya mbao anayoiweka chini ya kila mstari wa rasimu yangu. Akimaliza mstari, anaisogeza. Anauona mstari mmoja tu kwa wakati mmoja, na huo anaupiga kama ulivyo. "Mpiga chapa hasomi," husema. "Akisoma ataanza kusahihisha, na akisahihisha ameshaharibu kesi ya mtu."

Mwaka juzi nilimjaribu. Katikati ya ukurasa wa mazishi nikachomeka sentensi, *Samaki akapanda ngazi*. Akaipiga na nukta yake. Nilipomuuliza mbona hakushangaa, alinitazama juu ya miwani: "Samaki wako, ngazi yako."

Ijumaa, 15 Machi

Nimefanya wizi, na nimelala usingizi mzuri baada yake.

Jana jioni Dada alikuwa anapiga pasi leso. Anaikunja, anapiga, anaikunja tena, mpaka inakuwa ndogo kama kiberiti. Anazo leso nyingi namna hiyo na sijawahi kumwona akiifungua hata moja. Halafu akageukia sufuria iliyoanza kuchemka akaiambia, "Haya, na wewe sema shida yako." Nikamuuliza, utakula sasa? Akajibu kama anavyojibu siku zote: "Nani, mimi?" Tuko wawili tu ndani ya nyumba!

Nikaenda chumbani nikampa fundi wangu leso. Nikampa sufuria. Nikampa ile "Nani, mimi?" Ghafla mwanamke akasimama kwenye ukurasa, akavuta kiti, akakigusa mgongo kabla ya kukikalia, maana Dada naye hakai kabla ya kukigusa kiti. Sikuandika popote kwamba ana huzuni.

Jumatatu, 18 Machi

Kurasa nne za sura ya pili, nimeziandika upya. Dada kazipiga zote kabla ya chakula cha mchana. Rula ikateremka mstari kwa mstari. Hakusema kitu.

Jumatano, 27 Machi

Mhariri amepiga simu: "Sasa anapumua! Umemtoa wapi?" Nikasema nimemtoa kichwani. Uongo ulitoka laini kabisa.

Darasani leo nilifundisha habari hizi hizi za kumjenga mhusika, kwa mbwembwe zaidi ya kawaida. Nikawaambia, ukitaka tumjue mtu mchoyo usiseme mchoyo, mwonyeshe anavyomkatia mgeni mkate. Binti wa dawati la mbele, yule asiyeandika mpaka aamini, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na kama mwandishi amemchukua mtu wa kweli, huyo mtu akisoma?"

"Waandishi huchanganya. Hawezi kujitambua."

"Hata mkate wake hatautambua?"

Darasa likacheka. Mimi nilicheka kwa kuchelewa. Mvua ilikuwa inapiga mabati, nikasingizia sisikii vizuri.

Niliandike hapa liniondoke rohoni. Mama alifariki nikiwa na miaka sita. Dada ndiye aliyenibeba, akanisuka, akanisomesha, akanisimamia siku ya kuhitimu akiwa amevaa viatu vya kuazima. Sina mtu mwingine kama yeye. Na Dada akiumia hagombi, huondoka. Kwa wakwe zake aliondoka na begi moja kwa sababu ya neno moja, na mpaka leo hajawahi kugeuza hata shingo kutazama upande ule. Siku akijua kwamba fundi ni yeye, nitampoteza. Kwa hiyo naiombea ile rula iendelee kuwepo.

Jumatano, 3 Aprili

Nguo hazikauki. Nyumba nzima inanuka nguo mbichi. Sina raha na sijui nimemkasirikia nani.

Jumapili, 7 Aprili

Mhariri anataka kitu kimoja zaidi. "Tunamjua kwa vitu vidogo," ameandika. "Sasa nipe kitendo. Kimoja tu, kinachomfunua mtu mzima."

Ninacho. Ninacho miaka kumi na minne sasa.

Shemeji, mume wa Dada, alikuwa amelazwa. Dada alikuwa anakaa naye usiku, mimi mchana, na asubuhi ile nilimpokea zamu yeye akaenda kazini. Saa nne Shemeji akakata roho, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Simu za mkononi hazikuwa za kila mtu kama sasa. Nikapanda kile kilima cha mahakama kwa miguu, nusu nakimbia, mpaka mlango wa chumba cha wapiga chapa. Wenzake walikuwa wametoka kunywa chai. Alikuwa peke yake, amenipa mgongo, anapiga.

Nikasema, "Dada, Shemeji ametutoka."

Hakugeuka. Mashine haikusimama. Alipiga mpaka mwisho wa ukurasa. Akaweka nukta. Akauchomoa ule ukurasa, akaulaza kifudifudi, akaifunika mashine kwa kifuniko chake, akakivuta kila upande kikae sawa. Ndipo akasimama.

Karani wa chumba cha pili alikuwa ameona. Kabla ya maziko habari ilikuwa imefika kwa wakwe, na wakwe wakamwita "mke wa taipu". Hilo ndilo neno lililomwondoa kwao. Mimi nilimtetea mbele za watu, lakini ndani yangu swali lile lile lilibaki. Ni mtu wa namna gani anayemaliza ukurasa kwanza?

Leo nimekiandika kitendo hicho. Sikuandika mashine ya taipu. Fundi yuko kwenye cherehani, mdogo wake anamletea habari za kifo cha mume, na fundi anamaliza upindo wa gauni la mteja kwanza. Anakata uzi kwa meno. Analikunja gauni. Ndipo anasimama. Kurasa mbili na nusu, na sikufuta hata neno moja. Mkono ulikuwa unakimbia wenyewe, nami nikajiona hodari.

Jumatatu, 8 Aprili

Asubuhi nilitaka kuzificha zile kurasa. Nikaziweka chini ya godoro, nikazitoa, nikazirudisha. Mwisho nikajiambia, anaona mstari mmoja tu. Nikaziacha mezani kwake pamoja na nyingine, nikaenda kazini bila mwavuli na mvua inanyesha.

Jumanne, 9 Aprili

Jana niliporudi nyumba ilikuwa kimya. Kompyuta imezimwa. Kurasa zilikuwa mezani, zimepigwa zote, zimepangwa kingo sawa. Nimezisoma mara tatu nikitafuta kosa, hata herufi moja iliyoruka. Hakuna. Upindo umo, uzi umo, kukunja kumo.

Rasimu yangu ya mkono ilikuwa pembeni. Rula ilikuwa juu yake, imeachwa chini ya mstari mmoja: *Akamaliza upindo kwanza.*

Begi lake halipo. Leso hazipo. Kitanda kimetandikwa kama cha mgeni aliyeaga.

Nikateremka kwa fundi vioo. Akafuta mikono taratibu, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Kapita hapa saa saba na begi. Nikamwambia, Bi Karani, safari? Akaniuliza, nani, mimi?"

"Hakusema anakwenda wapi?"

"Hakusema. Nikamsaidia begi mpaka kituoni. Zito lile, Mwalimu. Mtu wa kurudi kesho habebi begi la namna ile."

Nikampigia Shangazi, anakaa mbali, mwendo wa saa mbili kwa basi. Ndiye pekee tuliyebaki naye upande wa baba.

"Amefika salama," Shangazi akasema. "Amelowa. Umemfanya nini mwenzako?"

"Nipe niongee naye."

Nikasikia wanasemezana. Shangazi akarudi kwenye simu: "Anasema usiku mwema." Ilikuwa saa kumi na moja jioni.

Leo nimefundisha vipindi vinne na sikumbuki nilifundisha nini. Nimejitetea kutwa nzima kichwani. Ni hadithi. Yeye si fundi cherehani. Sikutaja jina. Na yote niliyoandika nimeyaona kwa macho yangu! Halafu najibu mwenyewe: kama huoni aibu, mbona ulizificha chini ya godoro?

Jumapili, 14 Aprili

Napiga chapa mwenyewe, vidole viwili. Kila sentensi ina makosa matatu. Beseni limejaa na sikulimwaga, maji yamefika mlangoni kwake.

Jumamosi, 20 Aprili

Nilimpelekea mhariri ile sura. Sijui kwa nini nilipeleka. Nilitaka mtu aniambie ilistahili.

Ameandika: "Hapo sasa! Kitendo kimoja, na mtu mzima yuko mbele yangu. Jiwe kabisa huyu mwanamke. Usiguse kitu."

Jiwe. Mwanamke aliyenisuka nywele kila Jumapili kwa miaka kumi, akinipulizia kichwani nisisikie maumivu, watu wataweka kitabu mezani na kusema jiwe. Na watamwamini aliyeandika, kwa sababu aliandika vizuri.

Alhamisi, 25 Aprili

Siwezi kukaa, siwezi kula. Jumapili nakwenda. Asiponifungulia nitakaa nje kwenye mvua mpaka Shangazi aone haya.

Jumapili, 28 Aprili

Alikuwa barazani kwa Shangazi, anachambua mchele kwenye sinia.

"Shikamoo Dada."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Kaa mbali na hiyo michirizi, utalowa."

Shangazi akasema anakwenda kutazama kuku. Hafugi kuku.

"Dada, nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Kwa ile sura."

"Ipi? Maana nimejiona kuanzia ya pili. Leso. Sufuria. Umenikalisha kwenye cherehani ukadhani sitajijua?"

"Si ulisema mpiga chapa hasomi?"

"Nilisema mahakamani. Wale nilikuwa siwajui." Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa uani. "Wewe nimekubeba mgongoni. Mwandiko wako nausoma hata nisipotaka."

"Mbona hukusema kitu?"

"Nilikuwa nafurahi."

Sikuwa nimejiandaa kwa jibu hilo. Akaendelea kwa sauti ile ile ya kuchambua mchele.

"Ile leso uliiandika vizuri. Nikasema, kumbe huyu mtoto hunitazama. Miaka yote nadhani ananipita tu kama mlango, kumbe hunitazama. Nikawa nangoja kurasa zako kila siku. Kisha ukanileta kwenye upindo."

"Niliandika nilichokiona, Dada."

"Ndiyo. Ulikiona toka mlangoni."

Mvua ikazidi. Akaliweka sinia chini.

"Rasimu ya hakimu ilikuwa imebaki mistari tisa," akasema. "Uliposema lile neno, nilijua nikisimama nasimama mjane. Sikulia, sikufikiri. Nilisema tu moyoni, bado mistari tisa. Nikae mke wa mtu kwa mistari tisa zaidi. Nikaipiga polepole, mimi niliyekuwa nasifiwa kwa kasi. Hata kesi yenyewe sikumbuki ilikuwa ya nani."

Nililia kwa sauti, mtu mzima mimi, barazani kwa watu. Akalisogeza sinia. "Usinililie kwenye mchele."

Baadaye akasema, "Na hilo usiliandike. Upindo uliuona mwenyewe, ni wako. Mistari tisa ni yangu."

"Sitaandika."

"Haya. Na mimi niulize langu." Ndipo akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Wewe ulikuwa unafanya nini pale mlangoni?"

Badala ya kujibu nilimwomba turudi wote nyumbani, akasema akitaka kurudi anajua njia. Nimerudi na basi la jioni peke yangu, na swali lake limekaa nami kiti kimoja.

Alhamisi, 2 Mei

Nilikuwa nafanya nini mlangoni?

Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Nilikuwa na miguu miwili mizima. Kutoka mlangoni mpaka kiti chake ni hatua saba au nane. Shemeji alikuwa amekufa mkononi mwangu, na dada yangu alikuwa amenipa mgongo, nami nikasimama kumtazama anavyopiga. Sikumshika bega. Sikuita tena. Niliogopa uso wake, niliogopa atakapogeuka nitakuta nini. Na ili nisijisikie mwoga, nikaanza pale pale kumhukumu.

Hivi ndivyo nilivyomjenga fundi. Nimewaambia wanafunzi miaka yote kwamba kitendo humfunua mtu. Sijawahi kuwaambia waulize ni nani anayetazama kitendo hicho, na amesimama wapi, na kwa nini hasogei. Nilimweka Dada mwangani nikajificha gizani na kalamu yangu. Mdogo wa fundi kwenye sura ile ana mstari mmoja tu. Anasema habari ya kifo, kisha anatoweka, kama sauti ya redio.

Jumanne, 7 Mei

Naandika upya. Mdogo mtu amepata miguu, jasho, viatu vyenye tope. Ni mgumu kumwandika kuliko fundi, kila mara anataka kujipendelea.

Alhamisi, 9 Mei

Mhariri amepiga simu mara mbili. Nikamwambia nimeivunja ile sura. Akapandisha sauti: "Ilikuwa imekamilika!" Nikamwambia kuna mtu atakayeisoma mpya kabla yake, na akisema isitoke, haitoki. Akanikumbusha tarehe ishirini. Nikasema basi mwakani. Nikakata simu, na sikumpigia tena.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika barazani kwa Shangazi, nikiwa nimeweka daftari magotini. Leo ni manyunyu tu.

Nilimpa Dada kurasa saba za mwandiko wangu. Akavaa miwani, akasoma kama watu wengine wanavyosoma, akirudi nyuma, akisimama, akigeuza. Mistari tisa haimo. Fundi anamaliza upindo na hakuna anayeeleza kwa nini. Mlangoni yuko mdogo wake, na yeye ndiye tunayemsikia ndani: hofu yake, hukumu yake, hesabu yake ya hatua. Na mwisho nilimfanyisha kilichonishinda mimi. Anavuka chumba, anamshika fundi bega, wanalia pamoja. Aya hiyo niliiandika mara tisa, na ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Dada akasoma mara mbili. Akaweka kidole kwenye aya ile ile.

"Hii futa."

"Dada, ni hadithi."

"Futa. Hukuingia."

"Najua sikuingia. Ndiyo maana namwingiza yeye. Nilipaswa..."

"Sikiliza, wewe mtoto." Akavua miwani. "Ungeingia ukanigusa ningekuwa nimesimama. Basi, yangeishia hapo. Ulikuwa umepanda kile kilima mbio, ulikuwa unahema. Nilikusikia. Mistari yote ile niliipiga nikikusikia unapumua nyuma yangu, nikajua siko peke yangu ndani ya chumba. Nisingeweza kumaliza bila wewe."

Nikainuka nimwendee. Akanizuia kwa mkono.

"Mwache pale pale mlangoni. Alisimama vizuri."

Kisha akaniuliza basi la kurudi ni saa ngapi. Nikamwambia saa tisa. Ameingia ndani sasa hivi, nasikia anamwambia Shangazi amtafutie kamba, zipu ya begi imekufa. Mimi nimeifuta ile aya yote.